Mianga ya Alaska na Kiambishi -ja-

Jioni ya tarehe 17 Novemba, 1986, ndege ya mizigo ya shirika la Japan Air Lines, iliyotoka Paris ikielekea Tokyo, ilikuwa juu ya Alaska rubani mkuu wake, Kenju Terauchi, alipoona mianga ikiandamana nayo gizani. Aliwauliza waongozaji wa ndege mjini Anchorage kama palikuwa na ndege nyingine karibu. Wakamjibu kwamba hapakuwa na yoyote. Baadaye alishikilia kwamba alikuwa ameona chombo kikubwa mno kisicho cha dunia hii. Ndege ya abiria iliyoombwa kupita karibu ili itazame haikuona ajabu yoyote. Mwaka 1987, idara ya Marekani inayosimamia usafiri wa anga ilitangaza kuwa haikuweza kuthibitisha habari hizo.

Niliwasimulia wanafunzi wangu kisa hiki, nikawataka waandike sentensi moja tu: mianga ile ilikuwa nini? Baadhi waliandika majini, wengine wageni kutoka sayari nyingine, wengine ndege za kijasusi. Mmoja alinikumbusha kwamba lisemwalo lipo. Hapakuwa na hata mmoja aliyeandika, "Bado haijajulikana."

Hapa ndipo sarufi yetu inapotufaa. Tukisema kitu "hakitambuliki", tumefunga mlango; ni kana kwamba siri imo katika kitu chenyewe. Lakini tukisema "hakijatambuliwa", kiambishi -ja- kinatuambia kwamba upungufu ni wa maarifa yetu, na kwamba kazi ya kutafuta ingali inaendelea. Silabi moja tu, lakini ndiyo inayomtenganisha mchunguzi na mzushi.

Haraka ya kuhukumu ina gharama. Januari 2011, rubani msaidizi wa ndege ya Air Canada, aliyekuwa ametoka usingizini juu ya bahari ya Atlantiki, kwanza aliidhania sayari ya Zuhura kuwa ndege. Kisha alipoiona ndege halisi, iliyokuwa ikija futi 1,000 chini yao, aliamini kwamba iko juu na inawashukia. Aliielekeza ndege yake chini kwa ghafla. Abiria 14 na wahudumu wawili walijeruhiwa.

Sitawalaumu wanafunzi wangu. Tangu shule ya msingi tumewazoesha kwamba nafasi iliyoachwa wazi katika karatasi ya mtihani ni sifuri, ilhali uongo ulioandikwa kwa hati nzuri huenda ukabahatisha alama. Mimi mwenyewe nimesahihisha hivyo kwa miaka mingi.

Siku iyo hiyo mwanafunzi mmoja alinigeuzia swali: "Na wewe, mwalimu, wasemaje?" Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa nimtajie sayari fulani, nisije nikaonekana mjinga mbele ya darasa. Nikasita. "Sijajua," nikamjibu.

Darasa lilicheka. Kisha, kwa mara ya kwanza siku hiyo, wakaanza kuuliza maswali.