Muulize Sauti Zinamwambia Nini

Mimi ni nesi wa magonjwa ya akili, na kazi yangu iko Kayole, Dandora na Komarock. Kila habari ya mtu aliyejitoa jicho au kujikata kiungo ikivuma, majirani huniuliza kama ni mapepo. Visa hivyo ni adimu sana. Vingi humpata mtu mwenye saikosisi: anasikia sauti zikimwamuru, au anaamini kiungo chake kimebeba dhambi. Na mara nyingi huwa ndiyo mara yake ya kwanza kuugua, dawa bado hajaonja.

Lakini mara nyingi dalili hutangulia jeraha, kwa hivyo muda wa kumwokoa huwa upo. Mama mmoja wa Dandora aliniita kwa sababu ya mwanawe, fundi wa pikipiki, aliyekuwa hali wala halali. Kijana alikuwa ameziba masikio kwa pamba na kufunika kioo cha kabati kwa leso. Katika Biblia yake, mstari wa Mathayo unaotaja jicho linalomkosesha mtu ulikuwa umepigwa kalamu nyekundu hadi karatasi ikatoboka.

“Sista, si tungoje kesha la maombi la Ijumaa kwanza?” mama akasema.

Nilimgeukia kijana: hizo sauti zinakuambia ufanye nini? Akanijibu bila kusita. Jioni hiyo hiyo tulimpeleka hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari.

Watu huogopa swali hilo wakidhani litamtia wazo baya. Halimtii. Wengi hushukuru kwamba hatimaye kuna mtu aliyeuliza.

Wengine waliogopa polisi, na hawakukosea. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya kilimtishia aliyejaribu kujiua kifungo cha hadi miaka 2, na familia haikujua kama askari angetofautisha kujijeruhi na kujaribu kujiua. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Habari hii bado haijafika kila ploti, nami huirudia kila mlango ninaobisha.

Kijana yule sasa hudungwa sindano kila mwezi na amerudi gereji. Mchungaji wake ndiye humkumbusha tarehe ya kliniki, nami namheshimu sana kwa hilo.

Ukiziona dalili hizi nyumbani, usimwache peke yake wala usimfunge kamba. Ondoa visu na wembe, kaa naye, mfikishe hospitali usiku huo huo. Ukikwama, piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu.