Kompyuta Pepe Ofisini: Zinamfaa Nani na Hazimfai Nani?

Katika vikao vya kamati za miradi limejitokeza swali ambalo tumeona vyema tulijibu hapa kwa urefu kidogo. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za ofisi, hospitali na shule zetu zimebaki katika hali ya mashaka. Zinawaka na kufanya kazi kama jana, lakini hazipokei tena marekebisho ya usalama isipokuwa kwa mpango maalumu wa muda. Windows 11 nayo haikubali kila mashine. Kwa masharti yake rasmi inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa mashine za Intel inadai, isipokuwa chache, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Ndiyo maana kamati zinauliza: je, tununue kompyuta mpya zote, au tuingie katika utaratibu huu wa kompyuta pepe unaosemwa sana na mafundi?

Tueleze kwanza ni kitu gani. Katika utaratibu tuliouzoea, kila meza ina kompyuta yenye prosesa yake, diski yake na programu zake. Katika utaratibu wa kompyuta pepe, kazi yote hufanyika ndani ya mashine moja kubwa, yaani seva, iliyofungiwa katika chumba chake. Programu maalumu huigawa seva hiyo hata ikawa kama kompyuta nyingi ndani ya moja. Mezani hubaki skrini, kibodi, kipanya na kisanduku kidogo kisichotunza kumbukumbu yoyote ya kazi. Kinachopita kwenye waya ni picha ya skrini kuja kwa mtumiaji, na mibonyezo ya vidole vyake kwenda kwa seva. Faili lenyewe halitoki chumbani. Mwizi akivunja ofisi usiku akabeba visanduku vyote, amebeba vyuma. Daftari la mishahara limebaki mahali pake.

Wazo hili si geni sana. Mradi wa LTSP, unaotumia Linux na kutumika hasa mashuleni, ulianza mwaka 1999. Jina la VDI, ambalo wauzaji hulitaja mara nyingi, lilienea kuanzia mwaka 2006 kupitia kampuni ya VMware.

Bweni au nyumba

Kuna namna mbili kuu za kuwagawia watu seva, na tofauti yake inabeba sehemu kubwa ya gharama. Ya kwanza ni kama bweni. Watumiaji wote wanaingia katika mfumo mmoja wa seva, kila mmoja na kitanda chake na sanduku lake, lakini chini ya paa moja na programu zilezile. Ni nafuu, maana seva ya kiasi inaweza kubeba watu wengi. Ya pili ni kama nyumba: kila mtumiaji ana kompyuta pepe nzima, yenye mfumo wake peke yake. Ni ghali zaidi. Windows 11 inadai angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu ya kazi na 64 za diski kwa kila nyumba, na hicho ni kiwango cha chini kabisa. Watu 20 katika nyumba 20 ni gigabaiti 80 za kumbukumbu kabla hatujahesabu mahitaji ya seva yenyewe.

Nyumba nazo ni za aina mbili. Ipo nyumba ya mtu, ambayo akitoka na kurudi anakuta vitu vyake alivyoviacha. Ipo pia nyumba ya wageni: mtu anaingia, anafanya kazi, na akitoka inafagiwa na kurudishwa kama ilivyokuwa asubuhi. Hii ya mwisho ndiyo inayotupendeza zaidi kwa maabara za shule, kwa sababu virusi vilivyoletwa na flashi ya mwanafunzi mmoja vinafutwa pamoja na kila kitu kingine anapofunga kipindi.

Watumiaji hawafanani

Hapa ndipo wengi wanaponunua vibaya. Muuzaji huja na bei ya "kiti kimoja", kisha huzidisha kwa idadi ya wafanyakazi. Lakini mfanyakazi wa mapokezi na mhariri wa sauti hawana mahitaji sawa. Hata Microsoft, katika mwongozo wake kwa huduma za namna hii, huwagawa watumiaji katika makundi manne: wa kazi nyepesi wakadiriwe megabiti 1.5 kwa sekunde za mtandao, wa kazi ya kati 3, wa kazi nzito 5, na wa michoro na picha nzito 15. Tofauti ya mara kumi kati ya wa kwanza na wa mwisho si jambo dogo mtu anapolipia mtandao kila mwezi.

Wahasibu na makarani wa ofisi kuu ndio tunaoona wanafaa kwanza. Kazi yao ni ileile kila siku, programu zao ni chache, wanakaa mahali pamoja, na kumbukumbu zao ndizo ambazo hatuwezi kukubali zipotee. Nakala rudufu ya seva moja huchukuliwa kila usiku bila kumsubiri mtu akumbuke. Mhasibu apewe nyumba yake mwenyewe. Karani wa barua anatosha bwenini.

Hospitalini faida ni kubwa zaidi, na hatari pia ni kubwa zaidi. Muuguzi hakai kwenye meza moja. Anafungua taarifa za mgonjwa wodini, anaitwa chumba cha sindano, anarudi kupitia maabara. Kwa kompyuta pepe anafunga skrini hapa na kuifungua pale, na ukurasa uleule unamsubiri. Aidha, taarifa za mgonjwa hazibaki kwenye diski ya kila chumba. Hilo si suala la adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na taarifa za afya zimo katika zile zinazohitaji uangalifu wa pekee. Lakini seva ikizimika, wodi zote, famasia na dirisha la malipo vinasimama kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo hospitali isiingie katika utaratibu huu ikiwa na seva moja. Ziwe mbili, moja ikipokea kazi ya mwenzake, na fomu za karatasi ziendelee kutunzwa katika kila wodi.

Mafundi wa studio na wanaotengeneza picha za video tunashauri waachwe na kompyuta zao zenye nguvu. Sauti inayochelewa hata kidogo humchosha anayeihariri.

Maafisa wa mradi walioko vijijini nao wasilazimishwe. Afisa anayezunguka kukagua visima anahitaji kompyuta mpakato inayofanya kazi pasipo mtandao, na kupeleka taarifa akifika mjini. Kompyuta pepe bila mtandao ni skrini nyeusi.

Na usharika wenye kompyuta moja ya katibu? Hauhitaji kompyuta pepe hata kidogo. Unahitaji mashine nzima yenye mfumo unaopokea marekebisho, diski ya nje ya kutunzia nakala, na mtu wa pili anayejua neno la siri likiwa limeandikwa na kufungiwa kasikini. Tunasema hivi kwa sababu tumeona bajeti za sharika zikijazwa vitu vikubwa kwa kuwa tu vimo katika bajeti ya jirani.

Umeme, mtandao na mahali pa seva

Kompyuta ya zamani ya mezani hula wati 60 hadi 100 bila skrini, wakati kisanduku cha kompyuta pepe hula kama wati 10. Tukikadiria maabara ya meza 20 kwa wati 80 kila moja, tunapata wati 1,600. Kwa visanduku ni wati 200, na seva ikiongeza kama wati 400 jumla inakuwa 600. Kwa shule inayotumia umeme wa jua, tofauti hiyo ni betri na paneli ambazo hazitanunuliwa.

Wapo wanaoshauri tusinunue seva, bali tukodi nafasi kwa kampuni kubwa ng'ambo. Ofisi yenye mtandao imara inaweza kufikiria hilo. Sisi tunasita. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na mtandao ukayumba Tanzania na nchi jirani. Seva iliyo katika jengo lako, ikiunganishwa kwa nyaya za ndani, inaendelea kufanya kazi hata bahari ikikatika.

Leseni ndizo zinazosahaulika

Wafadhili wetu hupenda kusaidia kitu kinachoonekana, nasi tunashukuru. Lakini katika mradi huu seva ni nusu tu ya hesabu. Leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta dukani haitoshi kumruhusu mtu atumie kompyuta pepe ya Windows kwenye seva. Kuna leseni nyingine, nayo kwa kawaida hulipiwa kila mwaka. Bei hizo pia hubadilika. Kampuni ya Broadcom ilipoinunua VMware mnamo Novemba 2023, iliacha kuuza leseni za kulipa mara moja, na taasisi nyingi duniani zikalazimika kupanga upya bajeti. Programu za bure kama Proxmox zipo na zinafanya kazi, ila zinamhitaji fundi anayezijua. Mshahara wa fundi huyo uandikwe katika andiko la mradi kwa miaka yote, si mwaka wa kwanza tu.

Kuhusu kompyuta kuukuu ambazo sharika rafiki za ng'ambo huuliza kama watutumie: nyingi ya zile zisizokubali Windows 11 zinaweza kuwekewa Linux nyepesi na kugeuzwa visanduku vya kuunganishia kwenye seva, ingawa zitaendelea kula umeme kama zamani. Zilizo hapa nchini tayari zitumike hivyo hadi zife. Kuzisafirisha kwa meli na kuzilipia bandarini kwa kazi hiyo hatuoni faida yake.

Kila taasisi inayotaka kuingizwa katika makisio yajayo ituandikie watumiaji wake mmoja mmoja kwa kazi zao: nani anakaa, nani anazunguka, nani anatumia programu gani, na umeme hukatika mara ngapi kwa wiki. Idadi ya kompyuta peke yake haitatusaidia kukadiria.