Egalizeri kwenye ampli ya nyumbani: kabla ya kupandisha besi, angalia waya

Katika miji ya Mashariki mwa Kongo, kama vile Goma, Bukavu na Bunia, ampli ya zamani bado ina heshima yake sebuleni. Mwenye nayo akitaka rumba isikike vizuri zaidi, anaweza kutafuta egalizeri ya mtumba. Kazi si kuinunua, kazi ni kuiunganisha. Waya ukiingizwa pasipo pake, chombo kinaweza kuungua siku hiyo hiyo.

Jambo la kwanza ni umeme. Soma maandishi yaliyo nyuma ya egalizeri. Iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani inataka volti 100, na ya Marekani volti 120, wakati umeme wetu ni volti 220. Bila transfoma ya kushusha umeme, usiichomeke.

Kosa lingine ni kuchukua sauti kwenye tundu za bafle na kuipeleka ndani ya egalizeri. Ampli inayotoa wati 50 kwa bafle ya omu 8 inatoa volti 20 kwenye tundu hizo. Egalizeri ya nyumbani imetengenezwa kupokea sauti ndogo, ya volti moja hivi au chini yake. Mahali pake ni kabla ya sehemu ya nguvu ya ampli, si baada yake.

Namna ya kuunganisha ni hii. Zima vyombo vyote na uvichomoe. Nyuma ya ampli tafuta tundu nne zilizoandikwa TAPE: mbili za REC zinatoa sauti, mbili za PLAY zinaipokea. Kutoka REC, waya uende kwenye INPUT ya egalizeri. Kutoka OUTPUT ya egalizeri, waya urudi kwenye PLAY. Nyekundu ni upande wa kulia, nyeupe ni kushoto. Shusha sauti, washa, kisha bonyeza TAPE MONITOR kwenye ampli. Bila kuibonyeza, utasogeza vitufe vyote na hutasikia tofauti yoyote, ukadhani egalizeri imekufa.

Ampli nyingi za siku hizi hazina tundu za TAPE. Hapo egalizeri inakaa katikati: simu au redio inaingia kwenye egalizeri, nayo inaingia AUX ya ampli.

Hatari ya mwisho iko mkononi mwa msikilizaji. Kila unapoongeza desibeli 3, ampli inadaiwa nguvu mara mbili. Ukipandisha kitufe hadi desibeli 12, sauti iliyotaka wati 10 sasa inataka karibu 160. Ampli isiyo na nguvu hiyo inaanza kukwaruza, na mkwaruzo huo ndio unaounguza twita. Kupandisha kitufe cha hertz 31 hakuna faida kubwa: uzi mnene zaidi wa gitaa la besi la nyuzi nne unatoa hertz 41, na bafle ndogo hata hapo hazifiki.

Kwa hiyo anza na vitufe vyote katikati. Sauti ikiwa nzito kama inatoka ndani ya pipa, shusha kidogo hertz 250. Gitaa la sebene likichoma masikio, shusha kati ya 2000 na 4000. Kushusha hakuunguzi bafle.