Sema na Mtawala wa Chuma

Watoto wa mtaa wa Kawangware, Nairobi, ambao huokota nyaya, vizibo vya chupa na makopo yaliyotupwa wakayageuza magari ya kuchezea yenye magurudumu na usukani, wana haki ya kumwona ndugu yao katika Sema, binti wa miaka kumi wa mji wa kubuniwa uitwao Dunia, ambaye kwa elimu ya sayansi, na kwa msaada wa pacha wake MB, hupambana na Tobor, mtawala wa mashine asiye na moyo, pamoja na jeshi lake la roboti.

Hekaya hiyo ni Super Sema, mfululizo wa katuni wa kampuni ya Kukua, ulioanza kuonyeshwa YouTube tarehe 8 Machi 2021. Lupita Nyong'o ni miongoni mwa watayarishaji wakuu, na sauti ya Sema ni ya Stycie Waweru, yule mtoto aliyeigiza katika filamu ya Supa Modo ya mwaka 2018. Nami naona kwamba kumsikia shujaa akinena kwa lafudhi ya Kenya ni hidaya adhimu kwa mtoto wa Nairobi.

Ama mwendo wa katuni, asili yake ni picha nyingi, aghalabu 24 kwa sekunde, kila moja ikikhitilafiana kidogo na iliyotangulia, hata jicho likasadiki kuwa zina uhai.

Jambo la thamani zaidi ni kwamba Sema hachukii mashine: huvunja dhuluma ya Tobor kwa ala alizoziunda mwenyewe. Raymond Malinga wa Uganda naye, katika mkusanyo wa filamu za katuni uitwao Kizazi Moto wa mwaka 2023, aliwapa wachunga ng'ombe viungo vya mashine.