Wanaoliandika Jiji la Nairobi kwa Patasi na Kinasa Sauti

Mgeni akifika Nairobi husikia kelele. Mwenyeji husikia habari: makanga akigonga bodi ya matatu kumwashiria dereva aondoke, muziki mzito ukitangulia nganya (matatu iliyorembwa) ya kwenda Rongai kabla haijaonekana, mchuuzi wa mitumba akinadi bei. Wasanii wawili, Dennis Muraguri na Joseph Kamaru, anayejulikana kama KMRU, wamelifanya zogo hilo kuwa sanaa.

Muraguri, aliyesomea sanaa Buruburu, anasifika kwa picha kubwa za matatu zinazochapwa kwa mbao. Huchonga ubao, akaupaka wino, kisha akaukandamizia karatasi. Palipochongwa hapashiki wino. Tena picha hutoka ikiwa imegeuka, kwa hiyo kila jina lililo kwenye gari huchongwa kinyume, herufi kwa herufi. Kazi ya namna hiyo haimwachi msanii atazame juu juu. Lazima ajue makanga anavyoning'inia mlangoni, taa zilivyopangwa na michoro inavyopita ubavuni.

Uangalifu huo una thamani kwa sababu matatu hayadumu. Mitindo hubadilika upesi, na sheria nazo hubadilisha sura ya barabara. Kanuni za Michuki, zilizoitwa kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo na kuanza kutekelezwa mwaka 2004, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa njano ubavuni. Gari lililotamba jana leo ni chuma chakavu, lakini picha yake ingalipo.

KMRU analinasa jiji kwa sikio. Ni mjukuu na wajina wa Joseph Kamaru, mwanamuziki mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Albamu ya KMRU iitwayo Peel, ya mwaka 2020, imefumwa kwa sauti za mazingira alizorekodi mwenyewe, akazinyoosha polepole mpaka msikilizaji anapata nafasi ya kukaa ndani yake. Katika Natur, ya mwaka 2024, amekwenda mbali zaidi: ananasa mawimbi ya sumakuumeme yanayotoka kwenye vyombo vya umeme, ambayo sikio tupu haliyapati.

Kazi hizi ni kumbukumbu za taifa. Nyaraka za serikali hutueleza idadi ya magari na viwango vya ushuru. Hazielezi sauti ya makanga aliyeamka alfajiri kutafuta riziki, wala rangi zilizomfanya kijana aache gari moja apande jingine. Anayewatazama na kuwasikiliza watu hawa kwa makini anawapa heshima ambayo jiji limewanyima.

Makumbusho ya Taifa na Serikali ya Kaunti ya Nairobi zinunue kazi za aina hii na kuanzisha hifadhi ya sauti za jiji, wakati sauti zenyewe bado zipo. Nawe msomaji, ukipanda matatu kesho, vua visikizi usikilize jiji lako.