Kisulisuli Kitoacho Baridi Ndani ya Bomba

Fundi mwenye kerezo uani kwake, awe Kilosa karibu na reli au Mikumi kando ya barabara kuu iendayo Zambia, ana adui mmoja asiyekwisha, naye ni joto. Kisu kinapokata chuma, karibu nguvu yote ya mota hugeuka kuwa joto. Ncha ikipata moto kupita kiasi hulegea, na kipande kinachokerezwa hutanuka hata vipimo vikapotoka. Dawa ya kawaida ni kumimina maji yaliyochanganywa na mafuta. Lakini maji hayo huvunda yakikaa, na huchafua sakafu ambayo pengine watoto hupita.

Ipo njia nyingine isiyotumia maji, wala gesi ya friji, wala kipande chochote kinachozunguka. Mfaransa Georges Ranque aliivumbua mwanzoni mwa miaka ya 1930, akapewa hataza ya Marekani mwaka 1934. Wataalamu wengi walimtilia shaka, na bomba lake halikushughulikiwa sana mpaka Mjerumani Rudolf Hilsch alipochapisha vipimo vyake mwaka 1946.

Hewa iliyogandamizwa huingizwa ubavuni mwa bomba kwa mshazari, ikazunguka kwa kasi kubwa mno, mfano wa kisulisuli kinachozoa vumbi wakati wa kiangazi. Hewa ya nje, inayosuguana na ukuta wa bomba, hupata joto na kutokea mwisho mmoja kupitia vali. Iliyobaki hurudi nyuma katikati ya kisulisuli, ikiiachia ile ya nje nishati yake, na kutoka upande wa pili ikiwa baridi. Namna hasa nishati hiyo inavyohama wanasayansi bado wanabishana. Hesabu yake, hata hivyo, haina ubishi: ikiwa sehemu 60 katika 100 za hewa zimepoa kwa digrii 40, zile 40 zilizobaki hupanda kwa digrii 60 hivi. Hakuna baridi ya bure.

Hapo ndipo fundi wa nyumbani anapopaswa kushika kalamu kabla ya kushika fedha. Bomba dogo, likilishwa hewa yenye shinikizo mara 7 ya angahewa, hula lita 420 hivi kwa dakika na kuondoa joto la wati 300 tu. Kompresa ya kutosheleza ulaji huo huhitaji kilowati 3 au karibu yake. Ni sehemu moja ya baridi kwa sehemu kumi za umeme, ilhali friji ya kawaida huondoa joto linalozidi umeme inaoutumia. Kompresa ndogo ya kupulizia rangi au kujazia matairi hutoa labda lita 200. Tangi lake la lita 100 likishuka kutoka shinikizo la 8 hadi 5 litakuwa limetoa lita 300 za akiba. Basi baada ya dakika moja na nusu hivi, baridi imekwisha na mota ingali inanguruma.

Kwa kazi fupi, hata hivyo, bomba hilo lina faida. Kutoboa plastiki isiyeyuke, au kupoza ncha ndogo ya keekee, hakuchukui muda mrefu, na baridi hupelekwa palepale inapohitajika. Kwa ngoma za breki za magari makubwa hali ni tofauti. Chuma chake cha kusubu hukerezwa kikavu, na upepo mkali huirusha ile unga yake nyeusi machoni na kwenye reli za kerezo. Tena hewa tupu ya mpira uleule, bila bomba lolote, hupoza kiasi na kuondoa takataka. Inafaa ijaribiwe kwanza.

Anayeamua kulitumia achunge unyevu, hasa wakati wa masika. Hewa ikigandamizwa huacha maji, na maji hayo yakifika kwenye upande wa baridi huganda yakaziba tundu. Kichujio cha maji kiwekwe kabla ya bomba, na tangi limwagwe maji kila jioni. Mpira mrefu uliopita kivulini husaidia pia, kwani hewa iliyotoka kwenye kompresa ikiwa ya moto hulipunguzia bomba baridi yake kabla halijaanza kazi.