Majina Yanapofunika Taharuki: Mwanzo wa Filamu

Filamu, sawa na tamthilia, ina kaida zake za kuanza. Aghalabu mtazamaji huonyeshwa mandhari kutoka mbali kisha akasogezewa wahusika, huku majina ya waigizaji yakipita juu ya picha. Tazama *Touch of Evil* (1958) ya Orson Welles. Mtu anatega bomu la saa na kulitia katika buti la gari. Kisha kwa zaidi ya dakika tatu, bila kukatizwa, kamera inaliandama gari, likipotea na kuonekana tena, hadi mpakani mwa Meksiko na Marekani. Wewe unajua, walio garini hawajui. Taharuki hapa imezaliwa na kinaya, na mtahiniwa anayetaja moja akaacha nyingine amejibu nusu ya swali.

Hata hivyo, kampuni ya Universal ilibandika majina juu ya picha hizo pamoja na muziki wa Henry Mancini. Jicho linasoma, gari linasahaulika! Katika waraka wa kurasa 58 wa mwaka 1957, Welles alikuwa ametaka isikike mikwaruzano ya muziki wa vilabu vya mtaani. Mwaka 1998, miaka 13 baada ya kifo chake, Walter Murch aliihariri filamu upya, na majina yakapelekwa mwishoni.